Dipoziti ya Nakuru: Simu Mbili, Daftari Moja, Miezi 18

Wiki chache zilizopita tulikaa na wanandoa wawili kwenye sebule isiyo na kochi. Kochi liliuzwa, na tutafika huko. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mume ni fundi wa umeme wa kujitegemea. Wameomba tusitaje majina yao, kwa hivyo tutawaita mwalimu na fundi. Kwa miaka tisa walipanga nyumba ya vyumba viwili Umoja, Nairobi, kodi shilingi 18,000 kwa mwezi. Sasa wako Nakuru, kwao, kwenye nyumba wanayoilipia mkopo.

Tuliwatafuta kwa sababu swali tunaloulizwa sana na wateja si jinsi ya kutuma pesa. Kutuma kila mtu anajua. Swali ni hili: pesa yangu inaingia kwenye simu na kutokea kwenye simu hiyo hiyo, nitawekaje akiba ya kitu kikubwa? Na kama tuko wawili, nani anashika?

Sababu yao ya kuhama ilikuwa na tarehe. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anaelekea kuingia Gredi ya 7, na walitaka aanzie sekondari msingi Nakuru, karibu na nyanya yake ambaye anazeeka peke yake. Shule hufungua Januari. Siku walipokaa mezani na daftari ilikuwa mwanzo wa Julai, kwa hivyo walikuwa na miezi 18. Fundi anasema bila hiyo Januari wangekuwa bado wanazungumza. "Tulikuwa tumeongea hii maneno ya nyumba miaka sita. Maneno tu."

Nyumba za aina waliyotaka, vyumba viwili kwenye kiwanja kidogo pembezoni mwa mji, walikuta zinauzwa karibu shilingi milioni 2.8. Muuzaji kwa kawaida hutaka asilimia 10 mnapotia sahihi mkataba, yaani 280,000. Wengi huishia hapo, wanaandika 280,000 kwenye daftari na kuanza kuweka. Mwalimu hakuishia hapo, na hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka ulibebe. Ardhi ya mjini hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani, ambao ni 112,000 kwa nyumba hiyo. (Ya mashambani ni asilimia 2, na wanaonunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu wana msamaha, lakini wao walikuwa wananunua kwa mtu binafsi.) Halafu kuna wakili, mthamini, na ada za mkopo wenyewe, ambazo walizikadiria kuwa 95,000. Lori la kuhamisha vitu na siku mbili tatu za kuhangaika, 28,000. Jumla ikawa shilingi 515,000.

Fundi alitaka kufunga daftari.

Mwalimu aligawanya. Yeye ana mshahara, kwa hivyo angeweka 12,000 kila mwezi. Fundi hana mshahara, analipwa kazi ikiisha, na wateja wake wengi hulipa Ijumaa au Jumamosi. Wakakubaliana 3,500 kila Jumamosi jioni. Walikuwa na 40,000 tayari. Ukipiga hesabu, kwa miezi 18 na Jumamosi 78, ni 529,000. Ilikuwa inatosha na kubaki kidogo, kwenye karatasi.

Hapo ndipo wakagombana kuhusu simu.

Mpango wa kwanza wa fundi ulikuwa rahisi: pesa zote ziingie kwenye simu ya mwalimu, na yeye apewe nambari ya siri ili aweze kuangalia. Mwalimu akakataa. "Kwani huniamini?" fundi akauliza. Mwalimu anasema alijibu, "Baba watoto, si kuamini. Siku hiyo simu ikiibiwa kwa matatu na wewe ndiye ulikuwa nayo, tutaanza kuulizana maswali ambayo hatukuwa nayo."

Tunakubaliana naye kabisa, ingawa tunajua wanandoa wengi hupeana nambari za siri kama ishara ya mapenzi. Nambari ya siri ni sahihi yako. Mtu mwingine akiitumia, hata kwa nia njema, huwezi tena kueleza muamala upi ni wako na upi si wako, na sisi tukipokea malalamiko tunaona tu kwamba nambari sahihi iliingizwa. Lakini tatizo la fundi lilikuwa la kweli. Akaunti ya akiba kwenye simu huwa na jina la mtu mmoja. Pesa zote zikiwa kwa mmoja, yule mwingine ana nini cha kuonyesha? Mungu apishe mbali, mwenye simu akifariki, mwenzake hawezi tu kuingia na kutoa. Ataanza safari ya cheti cha kifo na karatasi za urithi.

Walichofanya ni hiki. Kila mmoja akafungua akiba yake kwenye simu yake, iliyofungwa mpaka tarehe waliyochagua wenyewe. Hakuna aliyejua nambari ya mwenzake. Kila tarehe 1 kila mmoja aliomba taarifa ya akaunti na kumtumia mwingine, halafu mwalimu aliandika salio zote mbili kwenye daftari moja, na wote wawili wakatia sahihi pembeni. Tuliliona hilo daftari. Sahihi ya fundi ya mwezi wa nne imeandikwa kwa hasira, unaweza kuona kalamu ilivyokandamiza.

Kabla hatujafika mwezi wa nne, kuna mwezi wa kwanza. Jumamosi ya kwanza fundi alimaliza kazi Donholm, mteja akamtumia 6,000. Alipofungua simu ili ahamishe 3,500 kwenda akiba, akakuta 1,800. Alikuwa na deni la ovadrafti la 4,200 ambalo alikuwa amelisahau, na deni hilo hujilipa lenyewe pesa yoyote inapoingia. Hakuibiwa. Alikuwa amekubali masharti hayo zamani, akinunua waya na tokeni za stima usiku.

Hatutajifanya hatuhusiki hapa. Ovadrafti ni huduma yetu na tunapata ada kutoka kwayo, na kuna siku inamwokoa mtu kweli. Ila mtu anayeweka akiba huku ana ovadrafti isiyoisha anajaza ndoo yenye tundu. Ada huhesabiwa kwa siku, na hakuna akiba ya simu inayolipa riba ya kushinda ada hiyo. Fundi alitumia Jumamosi hiyo na iliyofuata kumaliza deni, akajiondoa kwenye huduma kupitia menyu ya simu, na zile Jumamosi mbili akazifidia mwezi uliofuata. Kama unaanza safari kama hii leo, anza na hapo.

Jambo lingine dogo lililomsaidia: aliacha kusubiri mpaka jioni. Pesa ya mteja ikiingia tu, kabla hajapanda matatu, anahamisha 3,500. Mwalimu yeye aliweka malipo ya kujirudia, kila tarehe 28 shilingi 12,000 zinaondoka zenyewe siku ya mshahara. Hakuzigusa wala kuziwazia. Anasema baada ya miezi mitatu alisahau kwamba mshahara wake ulikuwa na hizo pesa.

Sasa mwezi wa nne. Fundi alianguka kutoka kwenye ngazi, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Plasta wiki sita, halafu mkono dhaifu wiki mbili zaidi. Wiki nane hakuna Jumamosi. Kodi, chakula na nauli vikabaki kwa mshahara wa mwalimu, ambao tayari ulikuwa umekatwa 12,000.

Fundi alitaka waifungue akiba. Ilikuwa imefika kama laki moja na kitu, na ipo kwa sababu ya dharura, si ndiyo? Mwalimu akasema hapana, hii si ya dharura, hii ni ya nyumba. Walizungumza usiku mbili. Fundi anakumbuka mke wake akimwambia, "Tukiitoa leo, niambie tarehe tutakayoirudisha. Nipe tarehe tu." Hakuwa na tarehe.

Hatuwezi kusema mwalimu alikuwa sahihi kwa kila familia. Mtoto akiwa mgonjwa, ungetoa hiyo pesa na hakuna mtu wa kukuhukumu. Lakini tunaona kwamba walikuwa na bahati ya kuwa na kitu kingine cha kuegemea: mwalimu alikuwa kwenye chama cha walimu kumi cha kupeana kwa zamu, na kikawakopesha 15,000 za kuvuka wiki nane. Akiba ya lengo moja hukaa salama ukiwa na kamfuko kengine, hata kadogo, ka dharura. Wao hawakuwa nako. Chama kilikuwa ndiyo kamfuko. Baada ya hapo walianza kuweka 500 kwa wiki kando, kwenye akiba isiyofungwa, na hawakuihesabu kwenye daftari.

Zile wiki nane ziliwagharimu 28,000 kwenye mpango. Hasara iliyofuata ilikuwa 20,000, na hiyo iliuma zaidi.

Ilikuwa mwezi wa saba. Walikwenda Nakuru wikendi kuona nyumba, dalali akawaonyesha moja nzuri sana. Jiko lenye dirisha, geti jeusi. Kulikuwa na watu wengine wanaiangalia siku hiyo hiyo. Dalali akawaambia kando kwamba hao wengine wanarudi Jumatatu na pesa, lakini kwa 20,000 anaweza "kuishikilia". Akatoa nambari yake ya simu. Si ya ofisi, si ya wakili. Yake. Fundi akatuma akiwa amesimama kwenye hilo geti jeusi.

Jumatano simu ya dalali ilizimwa. Mwenye nyumba, walipompata kupitia jirani, hakuwa na mpango wowote wa kuuza.

Fundi alitupigia akiomba tumrudishie. Na hapa lazima tuseme wazi kwa sababu watu wengi hukasirika nasi juu ya hili: kurejesha muamala ni kwa pesa iliyokwenda kwa nambari ambayo hukukusudia. Ulikosea tarakimu, unaripoti haraka, na kama pesa bado ipo kwa aliyepokea tunaweza kuizuia. Lakini ukituma kwa mtu uliyemkusudia, jina likatokea kwenye skrini, ukathibitisha, halafu mtu huyo akawa tapeli, hapo hakuna kosa la muamala. Hapo ni kesi. Unahifadhi ujumbe, unakwenda kituo cha polisi kuandikisha, na polisi ndio huomba taarifa kwetu kwa njia rasmi. Fundi aliandikisha. Pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika kumi baada ya kuingia. Hazijarudi mpaka leo.

Mwalimu hakumlaumu kwa sauti, ila kwenye daftari, kwenye mstari wa mwezi huo, aliandika "geti".

Nyumba waliyonunua waliipata miezi saba baadaye kupitia mwalimu mwenzake, na safari hii walikwenda polepole. Walianza na wakili wao wenyewe, na kabla ya kumlipa chochote walitafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya mtandaoni ili kuona kama ana cheti cha kazi cha mwaka huo. Wakili akafanya upekuzi rasmi wa hati, ile kitu wengi huita sachi, kuona kama ardhi ni ya muuzaji kweli na kama haina mkopo au zuio juu yake. Muuzaji ana mke, kwa hivyo mke naye alitia sahihi ya kukubali. Usiruke hilo. Nyumba ya ndoa ikiuzwa bila mwenzi kukubali, ununuzi unaweza kubatilishwa baada ya wewe kulipa.

Salio la shilingi 2,520,000 lilikuwa la mkopo wa nyumba. Hatutaingia sana huko, siku nyingine. Tutasema tu kwamba Sacco na benki kadhaa siku hizi hutoa mikopo ya miaka mingi kwa kutumia fedha za kampuni ya KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, na riba yake kwa kawaida huwa chini ya ile ya mikopo mingine. Uliza kwenye Sacco yako kwanza kabla ya kuuliza kwingine.

Septemba, mwezi wa 15, ikawa siku ya kulipa dipoziti. Kwenye daftari, akiba zote mbili pamoja zilikuwa 399,500. (Riba ilikuwepo, ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, waliamua kutoihesabu. Ilinunua keki.) Pesa haikwenda kwa muuzaji. Ilikwenda kwenye akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, ambayo ndiye huishikilia mpaka uhamisho ukamilike, na hilo liliandikwa kwenye mkataba. Mwalimu alihamisha akiba yake kurudi kwenye mkoba, fundi akamtumia sehemu yake ili risiti zote zitoke sehemu moja.

Halafu ikaja ile saa ambayo mikono hutetemeka. Muamala mmoja wa simu una kikomo cha shilingi 250,000, na kwa siku nzima ni 500,000. Kwa hivyo 280,000 haiwezi kwenda mara moja. Pia, ukilipa kwa nambari ya biashara ya benki kisha ukaweka nambari ya akaunti, mara nyingi jina unaloonyeshwa kabla ya kuthibitisha ni la benki, si la mwenye akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, pesa inaingia kwa mtu mwingine wa benki hiyo hiyo, na kuitoa huko ni kazi ya wiki.

Mwalimu alituma shilingi 100 kwanza.

Akakaa kwenye benchi la ofisi ya wakili, na karani akathibitisha kwenye akaunti: mia moja, kutoka kwa jina lake, saa nne na dakika kumi na mbili. Ndipo akatuma 200,000. Karani akathibitisha. Ndipo 79,900. Alisoma nambari ya akaunti kwa sauti kila mara, na fundi akiifuata kwenye mkataba kwa kidole, kile cha mkono uliovunjika. Akaomba risiti ya karatasi ya 280,000 yenye muhuri. Ujumbe wa simu ni ushahidi wa kulipa, lakini hausemi ulilipia nini.

Baada ya hapo walikuwa na 119,500 na siku 90 za kukamilisha. Waliendelea. Mwalimu 12,000, fundi 3,500 kila Jumamosi. Zamu ya mwalimu kwenye chama ilifika Novemba. Baada ya kukatwa lile deni la plasta, alibaki na 30,000. Kufika katikati ya Desemba walikuwa na 231,000, na walihitaji 235,000. Walikaa wakaangalia nyumba yao ya Umoja, wakitafuta shilingi elfu nne. Kochi likaenda kwa jirani wa ghorofa ya tatu kwa 6,500, akalipa kwa simu mlangoni.

Kuhusu hiyo akiba, mteja mmoja alituuliza majuzi kama ni salama kuweka laki kadhaa kwenye simu. Akiba ya simu inayowekwa kwenye benki hulindwa na shirika la KDIC kama akaunti nyingine yoyote ya benki, hadi shilingi 500,000 kwa mteja kwa kila benki. Hao wawili, kwa kuwa na akaunti mbili za majina mawili, hawakuwahi kukaribia kikomo hicho. Hawakulipanga hilo. Walipanga tu kutogombana.

Walihama tarehe 28 Desemba. Dipoziti yao ya kodi ya Umoja haijarudi yote. Msimamizi wa ploti anasema ni rangi.

Mwisho wa Januari mwalimu alipata ujumbe ambao hakuutarajia: shilingi 12,000 zimehamishwa kwenda akiba. Alikuwa amesahau kusimamisha malipo ya kujirudia. Tulimuuliza kama alitaka tumwelekeze jinsi ya kuyafuta. Akasema ameshapunguza mpaka 4,000, kwa sababu sasa kuna mkopo wa kulipa. Mume wake anataka geti.

"Jeusi?" tukauliza.

"La kijani," mwalimu akasema, kabla fundi hajafungua mdomo.